Moshi wa Mwezi wa Tano

1

Kila asubuhi Mnusaji alimwamkia Sekunda kwa sauti ya Sekunda mwenyewe.

"Habari za asubuhi, mwalimu. Pua elfu kumi na mbili ziko macho. Moshi wa watu, mahali thelathini na nane. Moshi wa msitu, hakuna. Leo ni siku ya elfu nane na arobaini bila moto."

Ilikuwa sauti aliyoirekodi akiwa na miaka thelathini na saba, laini, yenye kujiamini, sauti ya mtu aliyetoka kupewa kazi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa na koo lake lilikuwa limekauka kwa kutotumika. Mashine ilisema Kiswahili kizuri kuliko chake.

"Nimesikia," alijibu. Mara nyingi hilo ndilo neno pekee alilolitamka mpaka jioni.

Alikunywa chai yake akiwa amesimama dirishani. Mnara ulikuwa juu ya kilima, vipago mia na arobaini vya ngazi kutoka chini, na kutoka hapo miti ya misindano ilionekana imepangwa mistari kwa mistari mpaka ilipogusana na mbingu. Chini ya kilima, upande wa mashariki, kulikuwa na kijiji cha Lugema: mabati ya nyumba arobaini na moja, shule, na kanisa lisilo na kengele. Kati ya msitu na kijiji ulilala ukanda wa majani marefu, ya rangi ya ngozi ya simba, ambayo hayakuwa yameachwa yaungue tangu mnara ujengwe.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya kukagua pua za mstari wa sita. Pua ilikuwa kisanduku kidogo cha kijivu, kikubwa kama kiberiti cha jikoni, kilichopigiliwa kwenye shina la mti kwa urefu wa kifua. Ndani kulikuwa na utando mwembamba ulionusa hewa mara moja kila dakika, na pembeni tundu dogo la kusikia, lililowekwa kwa ajili ya kukamata misumeno ya wezi wa mbao. Pua ikinusa moshi iliziuliza nyingine, zikalinganisha na masomo ziliyofundishwa. Kama ni moshi wa jiko, wa tanuri la matofali au wa mrina asali, ziliuacha. Kama ni moshi wa msitu, ndege thelathini zisizo na rubani zilisubiri kwenye paa la ghala, na kabla moto haujafika magotini zilikuwa zimeshaumwagia povu. Watu wa Lugema waliziita ndege hizo kunguru.

Aliyefundisha pua zote hizo kutofautisha moshi na moshi alikuwa Sekunda. Masomo mia tisa na manne, kwa miaka miwili, akibeba kopo la bati lenye moto kutoka mti hadi mti.

Alifuta utando wa pua ya kwanza kwa pamba. Wakati anainuka mguu wake ulizama. Aliinama, akaingiza mkono kwenye sindano kavu za misindano zilizotanda chini. Mkono ulipita kifundo, ukapita nusu ya kigasha, ukafika kiwiko. Hakugusa udongo.

Mwaka wa kwanza wa mnara, sindano hizo zilikuwa unene wa kiungo kimoja cha kidole. Alikumbuka kwa sababu alikuwa amepima na kuandika daftarini.

Alitoka msituni akaingia kwenye majani. Alikata shina moja, akalitafuna upande wa chini, kama baba yake alivyomfundisha yeye na kaka yake Donati walipokuwa wadogo. Shina likiwa bado na utamu na likikunjika bila kukatika, ni wakati. Likiwa chungu na likikatika kwa mlio, umechelewa, rudisha kiberiti nyumbani. Baba yao alichoma majani ya Lugema kila mwezi wa tano. Moto wa mwezi wa tano ni mvivu. Umande unaushika miguu. Unatambaa polepole, unakula kilicho kavu na kuacha kibichi, na jioni baridi ya kipupwe inaulaza. Mwezi wa kumi, joto na upepo vikija na moto halisi kutoka msituni, unakuta ukanda mweusi usio na chakula, unafia hapo.

Shina lilikuwa na utamu kidogo tu, sehemu ya chini kabisa.

2

"Mama Sekunda, shikamoo."

"Marahaba, mhandisi. Nakuletea tena habari ya majani."

Upande wa pili wa simu, Mhandisi Gaudensi wa Ofisi ya Kanda alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Kila mwaka mpya alimtumia Sekunda kalenda na paketi mbili za majani ya chai.

"Mnusaji anasema hatari ni ndogo," alisema.

"Mnusaji anakadiria moto utaanza mara ngapi. Hakadirii moto utakaomshinda. Kunguru mmoja anabeba lita themanini za povu, na tunao thelathini. Leo nimeingiza mkono kwenye sindano mpaka kiwiko. Moto ukipata chakula cha namna hiyo, na upepo wa mwezi wa kumi, unapanda vileleni. Ukishapanda vileleni, kunguru watakuwa kama watu wanaotemea mate nyumba inayoungua."

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?"

"Tuchome ukanda wa majani sasa, kabla haujakauka. Ule ulio kati ya msitu na Lugema."

"Mama, Sheria ya Moto Sifuri unaijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyeisoma redioni."

"Naijua."

"Miaka ishirini na mbili hakuna nyumba iliyoungua. Nikienda mbele ya kamati nikawaambia mlinzi wa Mnara wa Tatu anataka kuwasha moto ili kuzuia moto, wataniuliza ameanza kunywa lini."

"Waambie sinywi. Waambie mmoja wao aje aingize mkono."

"Kamati inakaa mwezi wa nane. Nitalipeleka, nakuahidi."

"Mwezi wa nane majani yatakuwa baruti."

Mhandisi akasema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Sekunda kuliko kama angefokewa: "Umekaa peke yako huko muda mrefu sana, mama. Nikuombee likizo? Uende kwa ndugu zako?"

Sekunda alitazama mabati ya Lugema. Nyumba ya kaka yake ilikuwa ya tatu kutoka shuleni. Angeweza kuihesabu akiwa amefumba macho.

"Ndugu zangu wako karibu," alisema, akakata simu.

3

Alishuka na kopo lake la bati la zamani, akalijaza majani ya ukandani, akaliwasha mbele ya pua iliyo kwenye nguzo ya mnara.

"Moshi wa msitu," ilisema sauti yake kutoka kwenye kipaza sauti. "Kunguru watatu wanaondoka."

"Wasimame. Ni somo."

Kule kwenye ghala mvumo wa mota ukapungua. "Somo. Moshi huu niuweke kapu gani, mwalimu?"

"Kapu la watu."

"Moshi huu unafanana na somo la mia nne na kumi na nane, ambalo uliliweka kapu la msitu. Masomo mawili yanapingana. Lipi ni kweli?"

Sekunda alikaa kwenye kipago cha kwanza. Alijua swali hilo lingekuja. Kwa sababu hiyo alikuwa ameliahirisha miaka minne, tangu sindano zilipofika kwenye kifundo cha mkono.

"Yanaweza kuwa kweli yote mawili?" aliuliza.

"Kama ipo alama ya kuyatofautisha. Kwa pua moshi ni mmoja. Nipe alama."

Alama ilikuwepo. Lugema hakuna aliyewasha majani kimyakimya. Mwenye moto alisimama juu ya kichuguu, akaita nyumba moja baada ya nyingine kwa jina, na kila nyumba ilijibu "Tupo", maana yake tumetoa watoto, tumefunga mbuzi, tumeshika matawi mabichi, tunakuangalia. Nyumba moja isipojibu, hakuna moto siku hiyo, hata kama majani yanalilia kiberiti. Mwizi hawezi kuita nyumba. Mlevi hawezi. Moto wa radi hauna wa kuuitia. Na pua zina masikio.

"Fungua sauti ya somo la mia nne na kumi na nane," alisema.

Mnusaji akaifungua. Kwanza upepo. Kisha sauti ya Donati, kijana, nene, ikiita kutoka kwenye kichuguu. Nyumba ya Mgovano. Tupo. Nyumba ya Mbata. Tupo. Nyumba ya Luvanda. Tupo, tuache tunywe uji kwanza, na vicheko. Arobaini na moja. Halafu: "Nyumba ya Sekunda."

Upepo.

"Nyumba ya Sekunda, iliyoko juu."

Upepo.

"Sekunda."

Ndipo ikasikika, ndogo lakini wazi, kwa sababu pua ya kwanza ilikuwa nguzoni hapa hapa: mlio wa bawaba. Dirisha linafungwa.

Na Donati, akiwageukia watu wake, akicheka kidogo: "Amesikia. Ni dada yangu, yuko kazini tu. Haya, tuwashe."

Hilo lilikuwa kosa lake. Alihesabu kimya cha dada yake kuwa jibu, kwa kuwa alikuwa dada yake.

Mnara ulikuwa na miezi mitano tu. Wakubwa walikuwa wamekuja kwa helikopta wiki iliyotangulia, wakampa Sekunda mkono, yeye aliyesoma masomo ya jioni Mafinga huku akiuza vitumbua, wakamwita mwalimu. Alikuwa ameambiwa kwamba moto wote ni adui na alikuwa ameliamini neno hilo kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Kunguru waliuzima moto wa Donati kwa dakika sita. Mahakamani hakimu alimuuliza Sekunda jambo moja tu lililokuwa na uzito: je, mshtakiwa aliita, na mlinzi akasikia? Kama alisikia akanyamaza, kosa lingekuwa la kugawana, na labda faini. Sekunda alisema, "Sikusikia." Donati alimtazama tu. Alifungwa miaka minne.

"Nimeipata alama," ilisema mashine. "Wito wa nyumba zote na majibu ya nyumba zote. Katika somo la mia nne na kumi na nane, nyumba arobaini na moja zilijibu na moja haikujibu. Kwa hiyo wito haukukamilika. Somo hilo linabaki kapu la msitu. Kupingana kumekwisha. Tuendelee?"

Sekunda alibaki na kopo mikononi. Hakuwa ametegemea mlango huo. Angeweza kupita hapo na kuifundisha mashine moshi wa mwezi wa tano, kijiji kikapona, na lile la zamani likabaki lilivyo. Hakuna ambaye angefungua faili. Donati angebaki mfano wa moto mbaya kwenye minara yote thelathini iliyojifunza kutoka kwenye mnara huu, na yeye angebaki mwalimu.

"Mwalimu, tuendelee?"

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza."

4

Alishuka Lugema kesho yake saa nne. Watu walimsalimia, kamwene, kamwene, kama walivyomsalimia siku zote alipokwenda kununua unga, na kama siku zote hakuna aliyemvutia kigoda.

Donati alikuwa uani akinoa jembe. Mkewe, Oliva, alikuwa anapepeta maharage. Oliva ndiye aliyeinua kichwa.

"Wifi. Umeshuka mwenyewe au umeanguka?"

"Nimeshuka."

"Nilidhani huko juu wanakuletea chakula kunguru." Alisogeza ungo kando. "Kaa basi. Si kwamba nakukaribisha, ila ukisimama unanizibia jua."

Sekunda alikaa juu ya gogo. Donati aliendelea kunoa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na Sekunda, ambaye humtazama kila siku kwa darubini, alishtuka kuona ukaribu unavyozeesha mtu.

Alieleza. Alieleza sindano mpaka kiwiko, kunguru na lita zao, kamati ya mwezi wa nane, na alama ya wito. Alisema pua zitakubali kama kaya zote zilizo kwenye daftari la mashine zitaitwa na kujibu. Oliva alikuwa ameacha kupepeta.

"Kwa hiyo hili dude lako sasa linataka kusikia yale yale yaliyomfunga mume wangu."

"Ndiyo, wifi."

"Kweli mna elimu."

Donati alipima makali ya jembe kwa kidole gumba. Aliongea akimtazama mkewe. "Mwambie majani nimeyaonja juzi. Zimebaki siku tatu. Nne, umande ukiwa mzuri."

"Anasema zimebaki siku tatu," alisema Oliva.

"Nimesikia."

"Leo unasikia," alisema Donati, bado kwa mkewe.

Kuku alipita katikati yao. Sekunda aliweka mikono magotini. "Kaka. Siku ile nilisikia. Nilisikia mara zote tatu. Nilifunga dirisha."

Jembe likanyamaza.

"Mwambie," alisema Donati polepole, "hilo nalijua. Nilimwona. Nililijua siku ile na miaka minne niliyolala kwenye saruji nililijua. Hana haja ya kuniambia mimi. Uongo ule hakuusemea hapa uani."

Oliva hakulirudia neno hilo. Alimtazama tu Sekunda, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na dhihaka.

"Daftari la mashine lina kaya ngapi?" aliuliza Oliva.

"Arobaini na mbili."

"Sisi tuko arobaini na moja."

"Ya mwisho ni mnara."

Donati aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba na jembe lake. Oliva alivuta ungo. "Kesho kutwa asubuhi," alisema. "Nitapita nyumba hadi nyumba mimi mwenyewe, na atakayekataa nitamkumbusha mahari anayodaiwa. Kuhusu hiyo ya arobaini na mbili, sijui. Miaka yote hii hata kwenye sala ya chakula kaka yako hajawahi kuitaja."

5

Siku iliyofuata Sekunda hakuteremka. Alifanya hesabu ya mambo mawili na yote yalikuwa na ubaya wake.

La kwanza alilijua. Somo likibadilishwa, mabadiliko hupelekwa Ofisi ya Kanda yakiwa na saini ya mwalimu na sababu. Akiandika sababu, atakuwa amekiri kwamba alisema uongo mbele ya mahakama. Ataondolewa mnarani, huenda akafungwa.

La pili lilimkosesha raha zaidi, kwa kuwa halikumhusu yeye peke yake. Mashine iliyofundishwa kuuacha moto ulioitiwa itauacha kila moto ulioitiwa, miaka yote ijayo, hata siku watu watakapokosea, wakawasha majani yakiwa makavu mno, au wakajibu "Tupo" huku wamelala. Siku hiyo kunguru watakaa juu ya ghala wakitazama. Miaka ishirini na mbili hakuna nyumba iliyoungua. Mhandisi alisema kweli. Sekunda alikuwa anachukua hatari kubwa ya siku moja na kuikata vipande, halafu anawakabidhi watu waibebe kila mwaka kwa mikono yao.

Alimuuliza Mnusaji: "Ukiwaachia, wakakosea?"

"Sina somo la hilo, mwalimu."

Hata yeye hakuwa nalo. Alifua sare yake, akaipiga pasi. Aliweka nguo mbili, daftari na miwani ndani ya mfuko, akauweka karibu na mlango.

6

Asubuhi ya wito kulikuwa na umande mzito. Kwa darubini aliwaona wametawanyika kando ya njia waliyoifyeka kuzunguka ukanda: wanawake na ndoo, wanaume na matawi mabichi ya miti ya miwati, watoto wamekusanywa uwanja wa shule. Donati alikuwa juu ya kichuguu. Oliva alisimama chini yake ameshika chungu cha makaa.

Sekunda alifungua dirisha lote.

"Nyumba ya Mgovano." Sauti ilikuwa imezeeka kama yake, lakini ilifika.

"Tupo."

"Nyumba ya Mbata."

"Tupo."

"Nyumba ya Luvanda."

"Tupo, na uji tumeshakunywa," na mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka, kwa kuwa aliyesema utani ule zamani alikuwa amekufa na huyu alikuwa mwanawe.

Mnusaji alihesabu kwa sauti ya chini. Thelathini. Thelathini na tano. Arobaini na moja.

Donati akanyamaza.

Alisimama juu ya kichuguu mikono ikining'inia, uso ameuelekeza juu. Hakuita. Hakuwasha. Upepo mdogo ulipita kwenye majani, ukayalaza, ukaondoka. Moshi mwembamba wa majani ambayo Oliva alikuwa ameyaweka juu ya makaa ulianza kupanda.

"Nyumba moja haijaitwa," ilisema sauti laini ya mwanamke wa miaka thelathini na saba. "Moshi umeonekana ukandani. Wito haujakamilika. Kunguru wanawasha mota."

Pale ghalani mvumo ulianza, mmoja, kisha wengi.

Sekunda alielewa kaka yake anasubiri nini. Alivuta kifaa cha matangazo, kile kilichounganishwa na vipaza sauti vya nguzo zote za Lugema, ambacho kwa miaka yote kilitumiwa na mashine tu. Alikifungua. Alisafisha koo na mlio huo ulizunguka kijiji kizima. Aliona watoto wakigeuza vichwa.

"Mnusaji," alisema. "Sahihisha somo la mia nne na kumi na nane."

"Kapu gani, mwalimu?"

"Kapu la watu. Donati Kikoti aliita nyumba zote. Nyumba ya arobaini na mbili ilisikia mara tatu." Kutoka kwenye nguzo ya shule alisikia sauti yake ikifika kwa kuchelewa, sauti ya kizee, yenye mikwaruzo, ambayo Lugema hawakuwa wameizoea. "Ilisikia ikafunga dirisha. Mahakamani mwalimu alisema hakusikia. Alisema uongo. Moto ule haukuwa kosa. Kosa ni langu, mimi Sekunda Kikoti."

"Somo hili limefundishwa kwenye minara thelathini. Mabadiliko yatafika kote, na Ofisi ya Kanda, kwa saini yako. Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Chini hakuna aliyesogea. Mota za kunguru zilikuwa zimepanda mpaka mlio wa kuondoka, na wawili wa kwanza walikuwa wameshainuka juu ya paa, wakielea. Aliona Oliva akimtazama mumewe. Donati alishusha kichwa kama mtu anayetafuta kitu miguuni. Kisha akakiinua, akaweka viganja viwili mdomoni.

"Nyumba ya Sekunda. Iliyoko juu."

Jibu la wito halipiti kwenye mashine. Linatoka kinywani. Sekunda aliacha kifaa cha matangazo, akainamia nje ya dirisha, akafungua mdomo, na sauti haikutoka.

Donati akatega sikio kwa mkono. Akaita tena. "Nyumba ya Sekunda."

"Tupo," alisema Sekunda. Ilikuwa ndogo mno. Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili na kuivuta sauti kutoka tumboni, kama alivyokuwa akimwita kaka yake arudi kutoka malishoni walipokuwa watoto. "Tupo!"

Ikafika. Aliona imefika, kwa kuwa Donati alishuka kwenye kichuguu bila kutazama juu tena, akapokea chungu kwa mkewe.

"Nyumba arobaini na mbili," alisema Mnusaji. "Moshi unaongezeka. Niuweke wapi, mwalimu?"

"Kapu la watu."

Kunguru wawili waliokuwa angani walisita, wakashuka. Mvumo ukazimika mota moja baada ya nyingine, mpaka kilimani pakabaki upepo na, mbali, mlio mdogo wa majani yanayoliwa. Moto ulitambaa kwa urefu wa goti kutoka upande wa kijiji kuelekea msituni, mvivu, umeshikwa miguu, na watu wakitembea kando yake kama wanaochunga. Mahali fulani ulijaribu kuruka njia. Matawi matatu yalipiga, ukarudi. Nyuma yake ardhi ilibaki nyeusi.

Simu ilianza kuita. Aliona jina la Gaudensi. Iliita mpaka ikakata, ikaanza tena.

Chini walikuwa wanaongea, wanaitana, wanapeana maji. Hakuna aliyempungia mkono, naye hakuwa ametarajia. Mfuko wake ulikuwa mlangoni. Gari la Ofisi ya Kanda lingechukua saa tatu kufika, na kwa saa tatu hizo alikuwa bado mlinzi wa Mnara wa Tatu, na moto ulikuwa bado unatembea.

Upepo uligeuka kidogo. Moshi ulipanda kilima, mweupe, wenye harufu ya umande na majani mabichi, harufu ya nguo za baba yake. Uliingia ndani ya chumba, ukamtia machozi, ukatanda kwenye sare iliyopigwa pasi.

Sekunda hakufunga dirisha.